Paradise ya Nani? Uchambuzi wa Kisa cha Agizo la Vitabu Tanga

Kisa hiki ni cha kikundi cha usomaji mjini Tanga kilichoagiza kitabu kimoja kikapokea vitatu vyenye jina moja. Majina ya watu, shule na duka yameondolewa. Kinawafaa walimu, wakutubi, waendesha vikundi vya usomaji, na yeyote anayeagiza vitabu au filamu kwa ujumbe wa simu.

Mazingira

Kikundi kina wanachama 24: wanafunzi wa kidato cha tano na sita, walimu wanne na wasomaji wachache wa mtaani. Hukutana Jumamosi moja kila mwezi katika ukumbi wa kuazima. Kitabu kimoja husomwa kwa mwezi, na pakipatikana filamu inayohusiana nacho, huonyeshwa kwa projekta wiki inayofuata.

Mwaka 2023 kikundi kilipanga kusoma Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyetangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi tarehe 7 Oktoba 2021. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1994 na ilifika kwenye orodha fupi ya Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, mwaka huohuo. Inamhusu Yusuf, kijana wa miaka 12 anayeondolewa kwao, katika mji mdogo wa Kawa, na kukabidhiwa kwa tajiri Aziz kama rehani ya deni la baba yake. Kwa wasomaji wa Tanga, misafara ya kwenda bara, madeni ya wafanyabiashara na kuingia kwa Wajerumani si mambo ya kuhadithiwa kutoka mbali, ndiyo maana wengi walikipigia kura.

Kununua nakala mpya 20 kulizidi uwezo wa kikundi. Wakaamua kutafuta vya mitumba kupitia wakala wa Dar es Salaam, ambaye hukusanya vitabu kwa wauzaji mbalimbali na kuvituma kwa basi.

Mambo yalivyokwenda

Katibu wa kikundi aliandika ujumbe mfupi: "Dada, shikamoo. Naomba Paradise, ya yule wa Nobel, nakala 20. Hali yoyote mradi kurasa zimetimia." Wakala akajibu: "Marahaba kaka. Jalada lipi?" Katibu akarudisha: "Lolote tu." Bei ilikubaliwa shilingi 9,000 kwa nakala, jumla 180,000, na 8,000 za usafiri. Fedha zikatumwa kwa simu siku hiyohiyo.

Kifurushi kilifika Alhamisi jioni. Ijumaa vitabu viligawiwa shuleni wakati wa mapumziko. Aliyegawa alisoma jina mgongoni mwa kitabu, akatia alama kwenye orodha, akaenda zake. Majalada yalikuwa ya aina tano au sita, jambo ambalo kwa vitabu vya mitumba halishangazi mtu.

Walipokutana baada ya wiki mbili, mwalimu mratibu aliomba kila mmoja aeleze kwa ufupi kitabu kinavyoanza. Wa kwanza alieleza habari za Yusuf. Wa pili akasema hakumwona Yusuf yeyote: kitabu chake kilianza kwa wanaume wenye bunduki kuvamia nyumba wanamoishi wanawake. Wa tatu alikuwa amesoma habari za binti wa tajiri mwenye maduka makubwa ya Chicago. Kwa dakika kadhaa watu walidhani mwenzao hakusoma na sasa anajitungia. Ndipo vitabu vyote vikawekwa mezani na kufunguliwa ukurasa wa jina. Hesabu ilikuwa hivi:

- Nakala 6: Paradise ya Abdulrazak Gurnah, 1994.
- Nakala 11: Paradise ya Toni Morrison, 1997.
- Nakala 3: Paradise ya Judith McNaught, 1991, riwaya ya mapenzi, nene kuliko hizo mbili.

Wakati huohuo kulikuwa na suala la filamu. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuitafuta aliandika kwenye simu neno Paradise pamoja na "filamu" na "pwani ya Afrika Mashariki". Akapata, akaipakua, akaitia kwenye flashi. Faili liliitwa Paradise, basi. Utaratibu wa kikundi unamtaka mwalimu mmoja aitazame filamu peke yake kabla ya kuonyeshwa. Jumatano jioni mwalimu aliifungua, akaitazama kwa robo saa, akaizima. Ilikuwa Paradise: Love ya mwongozaji wa Austria, Ulrich Seidl, ya mwaka 2012, iliyoshindania tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka huo. Kweli inatokea pwani ya Afrika Mashariki, upande wa Kenya. Inahusu wanawake wa Ulaya wenye umri mkubwa wanaokuja ufukweni kununua mapenzi ya vijana wa hapo. Ni filamu makini ya mtu makini, lakini si ya kuwaonyesha wanafunzi wa sekondari, na haina uhusiano wowote na Gurnah.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuahirisha mjadala kwa wiki tatu. Wapo waliotaka mjadala uendelee kwa nakala sita zilizopo, wengine wasikilize tu. Mwalimu mratibu alikataa: kikundi cha usomaji ambacho robo tatu ya watu wake hawajasoma hugeuka darasa la kusikiliza.

Uamuzi wa pili ulihusu fedha, na hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi. Katibu alimtaka wakala arudishe gharama ya nakala 14. Wakala alikubali tatu za McNaught bila ubishi, kwa kuwa mwandishi huyo hajapata Nobel. Kuhusu zile 11 za Morrison alikataa, na alikuwa na hoja. Toni Morrison alipata Nobel ya Fasihi mwaka 1993. Ujumbe ulisema "Paradise, ya yule wa Nobel", na yeye aliuza Paradise ya mshindi wa Nobel. Tena aliuliza jalada, akaambiwa lolote. Mwalimu mratibu aliusoma upya ujumbe ule na kukubali kwamba agizo lilitimizwa kama lilivyoandikwa. Shilingi 27,000 zikarudi.

Uamuzi wa tatu: nakala zipatikane vipi? Mmoja alipendekeza kudurufu kitabu chote. Pendekezo lilikataliwa. Mwandishi yu hai na hakimiliki yake ingali na nguvu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu matumizi fulani ya sehemu za kazi kwa kufundishia, lakini kunakili riwaya nzima ili kukwepa kuinunua si mojawapo. Badala yake walinunua nakala saba za Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hiyohiyo iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Zile 27,000 ziliingizwa humo, na kilichopungua kikachangwa.

Filamu iliachwa kabisa mwezi ule. Hawakupata yoyote iliyotokana na kitabu cha Gurnah, na kuonyesha tu kitu chenye jina lilelile kungewachanganya watu zaidi. Pia mwalimu alikumbusha kwamba faili lililopakuliwa mtandaoni haliji na ruhusa ya kulionyesha hadharani. Maonyesho ya hadhara yanahitaji ridhaa ya mwenye filamu na idhini ya Bodi ya Filamu Tanzania, na jambo hilo lingepaswa kuulizwa kabla ya jina halijatafutwa.

Matokeo

Nakala sita za Kiingereza na saba za Kiswahili zilifanya 13. Wanachama 22 walisoma wawili wawili kwa nakala 11, na wawili waliobaki wakapata nakala zao wenyewe. Kwa kuwa kurasa za Paradise na za Peponi hazilingani, rejea zote katika mjadala zilitolewa kwa sura. Riwaya ina sura sita zenye majina, hivyo lilikuwa jambo rahisi.

Nakala 11 za Morrison hazikuuzwa. Kikundi kilizipangia mwezi mwingine. Ni riwaya ya mji wa watu weusi uitwao Ruby, Oklahoma, na wanawake wanaoishi katika jengo linaloitwa Konventi nje ya mji huo. Kwa hiyo hasara halisi haikuwa kubwa: wiki tatu, mchango wa pili ambao haukutarajiwa, na kinyongo kidogo baina ya katibu na wakala ambacho kiliisha agizo lililofuata lilipokwenda sawa.

Uchambuzi

*Dalili iliyoonekana kutosha*

Ni rahisi kusema katibu angeandika jina la mwandishi tu na mambo yangekwisha. Ni kweli, lakini inafaa kuelewa kwa nini hakuandika. "Yule wa Nobel" lilionekana kuwa bora kuliko jina, kwani kwa msomaji wa Tanga mwaka 2023 mshindi wa Nobel alikuwa mmoja tu anayezungumzwa. Dalili ile ilikuwa ya kweli. Kasoro yake ni kwamba haikumtoa mtu mwingine yeyote kwenye orodha. Angeongeza "Mwafrika" bado kungekuwa na utata, kwani Morrison ni Mmarekani mweusi. Angeongeza "iliyoingia orodha fupi ya Booker" angefanikiwa, maana enzi zile tuzo hiyo haikuwa wazi kwa Wamarekani. Lakini muuza mitumba gani atakaa kuchunguza habari za Booker?

Kwa hiyo kila dalili ipimwe kwa swali moja: inaondoa nini? Jina la kitabu halikumwondoa yeyote kati ya watatu. Nobel ilimwondoa McNaught peke yake. Jina la mwandishi linawaondoa wawili kwa mkupuo.

*Kwa nini Morrison walikuwa wengi*

Mgawanyo wa 11, 6 na 3 haukuwa bahati nasibu. Vitabu vya mitumba vya Kiingereza vinavyofika Dar es Salaam hufuata kile kilichochapishwa kwa wingi huko vilikotoka. Mwezi Januari 1998 Paradise ya Morrison ilichaguliwa na klabu ya vitabu ya Oprah Winfrey, mtangazaji wa televisheni wa Marekani, na kitabu kilichochaguliwa na klabu hiyo kilichapishwa kwa wingi mno. Miaka ishirini na ushee baadaye nakala hizo ndizo zinazotolewa majumbani na kusafirishwa. McNaught naye ni mwandishi wa vitabu vya mapenzi vinavyouzwa sana. Gurnah, kabla ya Oktoba 2021, alikuwa na wasomaji wachache, na baada ya tuzo nakala zake zilikuwa adimu hata madukani Ulaya na Marekani. Anayetafuta mitumba kwa jina pekee ataletewa chenye nakala nyingi sokoni, hata kama siyo anachokitaka.

*Kosa la upokeaji*

Agizo lenye utata bado lingeweza kukamatwa Alhamisi jioni. Aliyepokea alihesabu vitabu na kusoma migongo. Mgongo wa kitabu hutangaza, haushuhudii: maneno hufupishwa, jina la mwandishi huandikwa dogo au kwa rangi iliyofifia. Ushahidi uko kwenye kurasa mbili za mwanzo, yaani ukurasa wa jina na ule wa hakimiliki nyuma yake. Huko utakuta mwandishi, mwaka wa chapa ya kwanza, mchapishaji wa toleo hilo na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho wa vitabu. Kwa nakala 20 kazi hiyo haizidi dakika kumi.

Iwapo kurasa za mwanzo zimechanika, jambo la kawaida kwa mitumba, tazama majina ya sura. Paradise ya Morrison ina sehemu tisa zenye majina ya kike: Ruby, Mavis, Grace na kuendelea hadi Save-Marie. Ile ya Gurnah ina sura sita, ya kwanza ikihusu bustani iliyozungushiwa ukuta.

*ISBN: inachoweza na isichoweza*

Baada ya kisa hiki baadhi ya wanachama walitaka kila agizo liwe na ISBN na basi. Ni wazo zuri nusu. ISBN haitambulishi riwaya, inatambulisha toleo. Jalada gumu lina namba yake, jalada laini yake, toleo la mchapishaji mwingine yake. Ukimwandikia muuza mitumba ISBN moja, atakuambia hana, ilhali ana nakala nne za toleo jingine la kitabu hichohicho. Kwa vitabu vipya vya dukani ISBN inatosha peke yake. Kwa mitumba itumike kuhakiki kilicholetwa.

Vitabu vilivyotoka kabla ya 2007 vina tarakimu 10. Tangu Januari mosi 2007 ni 13. Vingi vya Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987, na namba hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki. Chukua 12 za kwanza, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyohivyo hadi mwisho, jumlisha, kisha tafuta kinachohitajika kufikia kumi inayofuata. Kwa namba ya mfano 978998712345 jumla ni 138, kinachobaki kufikia 140 ni 2, hivyo namba kamili ni 9789987123452. Isipotimia, mtu amekosea kunakili, na kosa hilo ni la mara kwa mara pale namba inaposomwa kwa sauti kwenye simu.

*Filamu zina shida yake*

Kitabu huwa na mwandishi anayefahamika, hivyo jina lake hukitenga na vingine. Filamu ni kazi ya wengi. Ndiyo maana wakutubi huiorodhesha kwa jina lake kisha wakaongeza mwaka katika mabano. Mfano mzuri ni Crash. Ya 1996 ni ya David Cronenberg, kutokana na riwaya ya J. G. Ballard ya 1973. Ya 2004 ni ya Paul Haggis, iliyoshinda Oscar ya filamu bora, na haihusiani na riwaya hiyo hata kidogo. Mwalimu anayefundisha Ballard akaonyesha ya 2004 atakuwa amepoteza saa mbili za watu.

Kwa filamu, basi, andika jina, mwaka na mwongozaji. Kisha tazama maandishi ya mwanzo au ya mwisho: filamu iliyotokana na kitabu hutaja kitabu na mwandishi wake. Pasipo na mstari huo, usidhani.

Utaratibu wa kuitazama filamu kabla ya kuionyesha ndio pekee uliofanya kazi barabara katika kisa hiki, na ulifanya kazi kwa sababu haukutegemea mtu kuwa na shaka. Mwalimu hakuifungua flashi kwa kuhisi kitu. Ilikuwa zamu yake.

*Kwa nini majina hayazuiwi*

Wanachama waliuliza iweje watu watatu waruhusiwe kutumia jina moja. Hakimiliki kwa kawaida hailindi jina la kazi, kwa kuwa neno moja au mawili hayahesabiwi kuwa kazi ya ubunifu inayojitegemea. Kinacholindwa ni maandishi yenyewe. Marekani kampuni za filamu zina daftari lao la hiari la majina, nalo ndilo lililozua mgogoro wa mwaka 2013: Warner Bros. walidai jina The Butler kwa sababu ya filamu fupi ya mwaka 1916, na filamu mpya ikalazimika kutoka kwa jina la Lee Daniels' The Butler. Huo ni mkataba baina ya kampuni, vitabu haviguswi nao.

*Jina moja, uhusiano tofauti*

Mwezi uliofuata kikundi kilichagua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, pamoja na filamu ya jina hilohilo iliyoongozwa na Amil Shivji na kutoka mwaka 2021. Safari hii jina lile ni kiungo cha kweli: filamu imetokana na riwaya. Hata hivyo wanafunzi kadhaa waliona hawana haja ya kusoma, wakidhani filamu ni kitabu kilichopigwa picha. Filamu imekusanya nguvu zake kwa wahusika Denge na Yasmin katika Zanzibar ya miaka ya 1950, na riwaya nene haiwezi kuingia yote ndani ya muda wa filamu moja. Mratibu aliweka sharti kwamba filamu haitaonyeshwa hadi mjadala wa kitabu umalizike. Ni sharti la kibabe, lakini lilisaidia.

Upo pia mtego wa upande wa pili, nao hausemwi sana: kazi moja, majina mawili. Anayetafuta Paradise hataiona Peponi. Ndivyo ilivyo kwa Shujaa Okonkwo, ambayo ni Things Fall Apart ya Chinua Achebe, na Njia Panda, ambayo ni The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kikundi kingejua tangu mwanzo kwamba Peponi ipo, huenda kisingehitaji mitumba kwa wingi ule.

Fomu wanayotumia sasa

Agizo huandikwa hivi, kwa mpangilio huu: jina la mwandishi, jina la kitabu, jina la asili kama ni tafsiri, pamoja na mfasiri, mwaka wa chapa ya kwanza, lugha, idadi, toleo lolote au toleo maalumu. Kwa filamu: jina, mwaka, mwongozaji, kitabu ilichotokana nacho kama kipo, na nani ameruhusu ionyeshwe.

Wakala naye aliongeza sharti lake: kabla ya kufunga kifurushi hupiga picha ukurasa wa jina wa kila nakala na kuzituma, na katibu hujibu "sawa" kwa maandishi. Picha 20 hula bando, na mara mbili wakala amelalamika. Wamekubaliana kwamba nakala za toleo moja zipigwe picha moja zikiwa zimepangwa wazi mezani, na kila toleo lipate picha yake.

Fomu bado ina tundu. Haisemi nani abebe gharama iwapo picha zilitumwa, katibu akajibu "sawa" bila kuzitazama, na kitabu kikaja siyo.